Rimoti ya Profesa

Profesa alipofika mwisho wa korido aligeuka nyuma.

Shangazi alikuwa ameshaingia chooni. Choo cha wanaume, lakini hakuwa na nafasi ya kuchagua. Alisimama nyuma ya mlango, mkongojo mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshika kiuno, akasikiliza viatu vya Profesa vikisita, kisha vikaendelea na safari yao.

"Amekata kushoto, anaelekea jengo la nyuma," Fundi alimwambia sikioni. "Shangazi, uko wapi?"

"Usiniulize."

Kifaa cha sikioni mwake kilifanana na vile wanavyovaa watu wenye shida ya kusikia, kwa hiyo hakuna aliyekitazama mara mbili. Fundi mwenyewe alikuwa nje ya geti, ndani ya Toyota Noah yenye maandishi ya kampuni ya mabomba, amevaa ovaroli, kompyuta mapajani. Aliziona kamera zote za kituo kile. Zote isipokuwa za jengo la nyuma. Hizo Profesa alikuwa amezing'oa mwenyewe wiki iliyopita, akasema zinapigwa na unyevu.

Shangazi halikuwa jina lake. Vijana wa idara ya ujasusi walimpachika kwa sababu ya tabia yake ya kugombeza watu kuhusu viatu, chakula na kuchelewa kulala, na yeye akaliacha lizoeleke. Asubuhi ile simu yake ilikuwa imepokea ujumbe mfupi kutoka kwa Mkuu: *Mgonjwa anatoka leo. Mpokee pamoja na ndugu zake wawili.* Maana yake, mzigo unauzwa leo, kamata muuzaji pamoja na mnunuzi na mlinzi wake.

Mzigo wenyewe ulikuwa rimoti.

Usicheke. Si ya televisheni.

Kituo kile kilikuwa cha utafiti wa maumivu sugu, yale yasiyosikia kidonge wala sindano, yanayolala na mtu na kuamka naye. Profesa na wenzake walikuwa wakimpasua mgonjwa kidogo tu juu ya nyonga, wanapachika chini ya ngozi kidude kinachotoshana na kiberiti, chenye nyaya nyembamba zinazopanda hadi kwenye uti wa mgongo. Kidude kinatoa umeme kidogo sana. Umeme huo unaizuga mishipa ya fahamu, na habari ya maumivu inaishia njiani kabla haijafika kichwani. Kila mgonjwa anapewa rimoti ndogo ya kupandisha na kushusha, na rimoti hiyo ina kikomo. Hata mtoto akiichezea, haimdhuru mtu.

Ile ya Profesa haikuwa na kikomo.

Aliiunda kwa siri, na iliweza kuamuru kidude chochote kilichowahi kutoka kwenye kituo kile. Ukipandisha umeme kupita kiasi, kile kilicholaza maumivu kinageuka kuwa moto wenyewe. Mpachike mfungwa kwa kisingizio cha matibabu, kisha kaa kitini ubonyeze. Hakuna jeraha, hakuna damu, hakuna cha kumwonyesha hakimu. Kuna watu duniani wanaokiota kitu kama hicho, na mmoja wao alikuwa ametua mjini jana na mlinzi wake.

Shangazi alikijua kidude kile kuliko mtu yeyote idarani. Kimoja kilikuwa mgongoni mwake.

Mgongo ule aliuvunja kazini, siku watu fulani waliposukuma gari lake kutoka darajani. Baada ya hapo aliishi miaka na moto unaotoka kiunoni mpaka unyayo wa kushoto. Alikaa nao vikaoni, alisimama nao kwenye foleni, alicheka nao harusini, na hakuna aliyejua, kwa sababu jasusi anayekunja uso hupelekwa kupanga mafaili. Alipoenda kwa Profesa mara ya kwanza alijitambulisha kama karani wa bima. Profesa alimtazama alivyotulia kwenye kiti, akatabasamu, akamwambia kwamba dada, mtu mwenye maumivu ya namna hiyo hawezi kukaa hivyo. Akamzungusha mwaka mzima kabla ya kumkubali.

Shangazi hakulisahau hilo. Lakini kidude kilimpa nafuu kweli, na alipoipata, akamleta mama yake.

Kisukari kilikuwa kimeichoma mishipa ya miguu ya mama. Hata shuka likigusa vidole alikuwa anaamka analia. Baada ya upasuaji alilala usiku kucha, asubuhi akaomba uji, akamwambia binti yake kwamba alikuwa amesahau usingizi unafananaje. Siku hiyo Shangazi alimshika Profesa mkono kwa mikono yake miwili kumshukuru. Leo alitamani kwenda kuiosha.

Alitoka chooni, akafuata kushoto.

Korido ya jengo la nyuma ilikuwa imejaa vitanda vibovu na viti vya magurudumu vilivyokosa magurudumu. Mwisho wake ulikuwa mlango wa ukumbi wa bwawa, lile bwawa la maji ya uvuguvugu ambamo wagonjwa hufanyia mazoezi ya viungo. Karatasi mlangoni ilisema ukumbi umefungwa kwa matengenezo. Kioo cha mlango kilikuwa kimefunikwa na mvuke. Shangazi alikifuta kwa ncha ya kidole.

Profesa, koti jeupe, mkoba wa kamera begani. Mwanamume mrefu wa suti ya kijivu, ndiye mnunuzi. Nyuma yake jitu la miraba minne lenye shingo fupi na koti lililotuna kwapani, ndiye mlinzi wa mnunuzi.

Na kwenye kiti cha plastiki kando ya bwawa, mkoba mapajani, miguu imepangwa pamoja kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani, alikaa mama yake.

Shangazi akajibandika ukutani.

"Fundi. Mama yangu yumo."

"Mama gani?"

"Ninao wangapi?"

Fundi aliongea harakaharaka. Kikosi kiko njiani, kimekwama kwenye msongamano, na Mkuu amesisitiza mtu asiingie kabla hawajafika. Shangazi alikuwa ameelewa kilichotokea. Profesa alihitaji mwili wa kuonyeshea bidhaa yake, akapiga simu kwa mgonjwa ambaye huwa habishi, akamwambia aje kwa vipimo. Mama alivaa gauni lake la kutokea, akaja. Huenda alishukuru kukumbukwa.

Mle ndani Profesa alifungua mkoba, akatoa rimoti. Nyeusi, nene, yenye kioo na gurudumu la kuzungusha. Alimwelekeza mnunuzi kwa mama kwa kidevu, bila hata kumtazama.

Basi.

Mlangoni kulikuwa na tenga la taulo chafu. Shangazi alichomoa bastola yake, Glock, kiunoni akaisukuma chini ya taulo, maana lile jitu lingempekua na kuikuta. "Bastola yangu iko kwenye tenga mlangoni," alimwambia Fundi. "Njoo uichukue."

"Mkuu amesema..."

"Njoo."

Akabisha hodi, akaingia anachechemea.

"Samahani Daktari, namtafuta mama. Nimeambiwa ameitwa."

Jitu lilimfikia kabla hajamaliza sentensi. Likampapasa mbavu, kiuno, miguu. Mkongojo liliuangalia likamrudishia, maana nani anamnyang'anya kilema mkongojo wake; halikuona vyuma viwili vya umeme ambavyo Fundi alivificha chini ya mpira wa ncha. Profesa alikuwa ametoa macho, lakini mara uso wake ukalainika, na Shangazi akaona wazo likimwingia. Alimwambia mnunuzi kwamba leo wana bahati. Huyu dada naye amepachikwa, tena ana mwili wenye nguvu kuliko bibi. Watapima wawili.

"Mama amechoka," Shangazi alisema kwa sauti ya karani. "Anza na mimi, Daktari."

"Kaa hapo basi, dada. Ni vipimo vya kawaida tu."

Alikaa. Mama alimtazama, akausogeza mkoba wake mapajani.

Profesa alizungusha gurudumu.

Kwanza ilikuwa kama nyenyere wanatambaa, kama mguu uliokaliwa vibaya. Kisha joto. Kisha ule moto wa zamani ukarudi, ule wa darajani, ukapita hapo ulipozoea kuishia na kuendelea kupanda. Misuli ya mapaja ilikaza ikawa mbao. Meno yake yalitaka kugongana. Shangazi aliyafunga, akaweka mikono juu ya mkongojo, akavaa ile sura aliyoivaa kwa miaka mingi, sura ya mtu anayesubiri zamu yake na wala hana haraka.

Profesa alimtazama usoni.

Akazungusha tena.

Hapa ndipo usomi wake ulipomtia aibu. Mtu huyu alikuwa ametibu maumivu maisha yake yote na hakuwahi kumwamini mgonjwa hata mmoja aliyetulia. Aliyelia alimwandika ana maumivu. Aliyekaa kimya alimwandika hana shida. Akaunda chombo cha kutesea, akakipima kwa macho yaleyale, na mbele yake akamkalisha mwanamke ambaye maumivu yalikuwa yamemfundisha kutoonyesha.

"Tayari umeanza, Daktari?" Shangazi aliuliza.

Alishangaa sauti ilivyotoka safi. Machoni kulikuwa na giza linalokuja na kuondoka.

Mnunuzi alikunja mikono kifuani. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia vitabuni, kila neno limesimama peke yake. Alimuuliza Profesa kama huyu mwanamke amepachikwa kweli. Profesa akaapa. Kijasho chembamba kilikuwa kimeanza kumtoka. Akasema huenda nyaya zake zimesogea, hutokea, lakini bibi amepachikwa hivi karibuni.

"Bibi, basi," mnunuzi alisema.

Shangazi alijaribu kusimama. Miguu haikumsikiliza. Umeme ulikuwa umeishika yote miwili, na pale alipokuwa, pamoja na mafunzo ya maisha yake yote, hakuweza kuinuka kwenye kiti cha plastiki. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya darajani. Mama asingeweza kuvumilia. Mama, aliyelia kwa kuguswa na shuka, angepiga kelele, mnunuzi angeridhika, rimoti ingeingia kwenye mkoba wake na kuvuka mpaka, na kila mtu mwenye kidude mwilini angekuwa mateka wa mtu asiyemjua.

Mama alikuwa anamtazama.

Hakutazama uso wa binti yake, uso ule haukuwa na habari. Alitazama nywele za panda ya uso, pale jasho lilipokuwa limelowesha mstari mwembamba. Halafu vidole juu ya mkongojo, vilivyokuwa vyeupe. Mama alimzaa mtoto huyu. Alimwona akiungua homa bila kusema, akianguka mtini bila kusema. Akaelewa.

Gurudumu likazunguka.

Mama alivuta pumzi kidogo, ya mtu aliyekumbuka kitu. Akafungua mkoba wake, akatoa leso, akajifuta mdomo taratibu, akairudisha leso, akafunga zipu. Zipu ile ilichukua muda mrefu.

"Mwanangu daktari," alisema, "hiki kidude chako kimelala. Si nilikwambia mara ya mwisho kwamba hakishiki chaji? Ukasema mimi nina maneno mengi."

Profesa alizungusha mpaka mwisho.

"Au unabonyeza kitufe kingine?" mama aliuliza. "Jaribu kingine, baba."

Mnunuzi aligeuka kwa mlinzi wake, akatamka maneno mawili katika lugha yao. Bastola ikatoka kwapani. Haikuelekezwa kwa Shangazi wala kwa mama. Ilielekezwa kwenye koti jeupe, maana mnunuzi alikuwa mtu wa kusafiri mbali, na hakupenda kuchezewa shere na daktari muuza vinyago.

Profesa alianza kubabaika. Inafanya kazi, ngojeni, imepoteza mawasiliano tu, lazima ioanishwe upya. Wagonjwa wote wanajua namna inavyooanishwa, hufanywa kila kliniki. Rimoti inawekwa juu ya ngozi, palepale penye kidude, na kushikiliwa.

Akaja nyuma ya Shangazi mwenyewe, akainama, akaibandika rimoti juu ya nyonga yake.

Shangazi akamdaka mkono.

Miguu haikuwepo lakini mikono ilikuwepo. Aliukunja mkono ule mpaka kitu kikalia ndani yake, akamvuta Profesa mbele akawa ngao, na rimoti ikabaki kiganjani mwake. Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili mirefu, mmoja wa kidude chake na mwingine wa kidude cha mama. Kidole chake kingewahi mmoja tu.

Akauzima wa mama.

Jitu lilisogea kutafuta pembe ya kupiga bila kumgusa Profesa, au labda halikujali tena kumgusa. Vigae vilikuwa vimelowa. Shangazi alimwachia Profesa aporomoke sakafuni, akapeleka mkongojo chini, kipini kikanasa kifundo cha mguu, akavuta kwa hasira yote aliyokuwa nayo. Jitu likaenda bwawani na bastola yake, maji yakaruka hadi ukutani.

Lilipoibuka linakohoa, mkono wa bastola bado uko juu, lilikuta mbele ya pua yake ncha ya mkongojo. Mpira ulikuwa umevuliwa. Cheche za buluu zilikuwa zinacheza kati ya vyuma viwili, inchi chache juu ya maji.

"Hii ni shoti," Shangazi alimwambia. "Na wewe umelowa. Fikiria mwenyewe."

Lilifikiri. Bastola ikazama chini ya bwawa.

Mnunuzi hakusubiri mazungumzo. Alikula kona kuelekea mlangoni, suti yake ikipepea, akaufungua mlango kwa kishindo, akarudi nyumanyuma taratibu. Mbele yake alisimama fundi bomba mnene mwenye ovaroli, anahema, taulo chafu limemning'inia begani, Glock mikononi.

"Kaa chini," Fundi alimwambia.

"Kumelowa."

"Kaa hivyohivyo."

Akakaa. Ndipo Shangazi alipozima mstari wake. Moto uliondoka ukiacha miguu inatetemeka, na kwa muda mfupi hakufanya lolote zaidi ya kupumua. Kisha akarudisha umeme wa mama pale ulipokuwa asubuhi, taratibu, akimuuliza kila hatua, na safari hii mama alijibu ukweli. Inachoma. Bado inachoma. Sasa afadhali. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti, akiyafuta kwa ileile leso.

"Bima gani hii, mwanangu?" aliuliza.

"Nitakueleza, mama."

"Utanieleza leo."

Kikosi kilifika na kelele zake zote wakati kazi imeshaisha. Profesa, pingu mkononi, mkono mmoja umevimba, alisimamishwa mbele ya kile kiti cha plastiki. Hakuuliza kuhusu wakili. Alitaka kujua jambo moja.

"Ilikuwa inafanya kazi?"

"Tangu mwanzo," Shangazi alisema.

"Lakini nilikutazama. Hukuonyesha chochote."

"Nilikwambia kwa mdomo wangu, mwaka mzima, ninavyoumia. Ukasema huwezi kuumia hivyo ukakaa hivi." Alisikia sauti yake ikipanda na hakuizuia. "Mama yangu alikueleza shida yake ofisini ukamwambia ana maneno mengi. Ulikuwa unatazama tu, Daktari. Hukusikiliza hata siku moja."

Wakamwondoa.

Simu ikalia. Mkuu. Shangazi aliiweka kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa imeshika rimoti na mkongojo.

"Nimepata habari. Hongera. Rimoti ipo?"

"Ipo."

"Nzima?"

"Nzima."

"Vizuri. Usiipeleke maabara, wala usiiandike kwenye vielelezo. Niletee mimi mwenyewe, mkononi."

"Ya nini, Mkuu?"

"Kuna watu hapa ndani hawataki kuzungumza. Na wewe si mtu wa kuniuliza ya nini. Niletee."

Fundi alijifanya anachunguza mabomba ya ukutani. Shangazi alikaa na rimoti mapajani. Alimtumikia mtu yule karibu maisha yake yote ya kazi. Alivunjika mgongo akitekeleza amri yake. Alipolazwa, Mkuu alimletea matunda, akakaa kando ya kitanda, akamuuliza anaumwa wapi. Kumbe alikuwa anasikiliza kweli, ila kwa sababu zake.

Mama alinyoosha mkono. Shangazi akampa bila kujua kwa nini, kama mtoto anavyompa mama yake kitu alichokuta barabarani.

Mama aliigeuza, akaitazama juu na chini. Akainuka kwa shida, akasogea hadi ukingo wa bwawa kwa miguu yake ileile, akafungua vidole.

Rimoti ilizama taratibu. Kioo chake kiliwaka mara moja kule chini, kikazimika.

"Nini hicho?" Mkuu aliuliza. "Halo? Nini kimeanguka?"

"Rimoti, Mkuu. Imetumbukia majini."

"Imetumbukiaje?"

Shangazi alimtazama mama yake. Mama alikuwa anajifunga mtandio vizuri, tayari kuondoka.

"Mwambie mama yako ni mtu mzima," mama alisema kwa sauti ya kutosha kusikika. "Mwambie mikono inamtetemeka."

Shangazi akakata simu. Akamwachia Fundi kifaa cha sikioni, akachukua mkongojo wake, na mama akamshika mkono wa pili. Walitoka pamoja kwenye korido ile ya vitanda vibovu, mmoja anachechemea upande huu na mwingine upande ule, bila haraka yoyote. Mkono wa mama ulikuwa umemshika imara, wala haukutetemeka hata kidogo.